Masika Nilipoisoma China

4 Machi, Jumanne

Daftari hili nililinunua niandikie vipimo vya sare za shule. Vipimo vitatafuta pa kuhamia, maana leo nimenyamazishwa dukani kwangu mwenyewe, mkasi mkononi, na nisipoandika nitapasuka.

Kaka alikuja kuchukua suruali yake. Kaka yangu ana duka la saruji na mabati mwanzo wa safu yetu. Ndiye mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mtaa huu, na chumba hiki ninachoshonea kimepangwa kwa jina lake. Akaketi, akaanza habari za Mama Vigae. Mama Vigae ni Mchina, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, anauza vigae vya sakafu na masinki, mwaka wa tisa sasa. Tangu alipoanza kuuza na saruji, Kaka hamtaji bila kukunja uso.

“Wale watu hawana asili,” akasema. “Historia hawana, busara hawana. Wana bidhaa tu.”

Wateja wawili wakacheka. Nikasema, “Kaka, hakuna watu wasio na historia.”

Akanigeukia kwa ule upole wake wa kumjulisha mtu kwamba ni mjinga. “Haya, fundi. Historia yao ni ipi? Tutajie jambo moja tu, tujifunze.”

Sikuwa nalo. Nikainamia pindo kama niliyepoteza sindano. Walicheka tena, na safari hii walinicheka mimi.

Nina miaka hamsini na minne. Sitabishana tena mikono mitupu.

8 Machi, Jumamosi

Nimefunga duka saa sita nikaenda maktaba ya manispaa. Mkutubi ni mwembamba kama rula, miwani imefungwa kwa uzi, sikio moja halisikii vizuri. Nikamwambia nataka vitabu vya China: historia yao, maisha yao, fikra zao.

“Vya mtoto wa darasa la ngapi, mama?”

“Vya mtu mzima. Vyangu.”

Akanitazama kuanzia viatu. Akanionyesha rafu ya tatu kutoka chini, vitabu vitatu. Cha kwanza kinafundisha mfanyabiashara kuulizia mzigo kwa Kichina. Cha pili kina picha za watu wanaorushiana mateke. Cha tatu kinatoa siri za kutajirika kwa hekima ya Mashariki. Hicho nilikisoma nimesimama hadi ukurasa wa ishirini. Kila ukurasa, “mhenga mmoja wa Kichina alisema.” Mhenga yupi? Wa lini? Alikuwa anamwambia nani, na huyo alimjibu nini? Hata umbea wa mtaani kwetu una jina la aliyeusema!

Nikamrudishia vyote vitatu. “Hivi sivyo.”

“Basi hakuna, mama.”

“Basi nitarudi Jumamosi.”

11 Machi, Jumanne

Mvua imeanza. Sare arobaini na mbili zinanisubiri.

15 Machi, Jumamosi

Mkutubi alikuwa ameingia stoo, nadhani ili niridhike niende zangu. Alinitolea viwili. Cha kwanza kimeandikwa na msafiri wa Ulaya miaka mia iliyopita. Kiingereza changu ni cha kuungaunga, lakini kwa kamusi niliambulia kurasa kumi. Anasema Wachina hawabadiliki, wote wana tabia moja, huvumilia mzigo kama punda. Nilihisi nimeshawahi kuyasikia maneno hayo. Kisha nikakumbuka: ndivyo walivyowaandika babu zetu! Mtu huyo alikaa nchi ya watu miaka sita na katika kurasa kumi hajamtaja mwenyeji hata mmoja kwa jina.

Cha pili kinang’aa, picha tupu, milima na mapaa mekundu. Humo kila mfalme ni mwema na kila mkulima anatabasamu. Miaka elfu kadhaa na hakuna aliyelia? Nikakifunga.

“Huyu anawatukana, na huyu anawasifu kama anauza shamba,” nikamwambia mkutubi. “Nitafutie kitabu ambacho ndani yake watu wanabishana.”

Akainama mezani. Nilidhani hakusikia, nikazunguka upande wa sikio zima nirudie. Kumbe alikuwa anatafuta penseli.

19 Machi, Jumatano

Nikajiambia, mbona nateseka na chemchemi iko mlangoni? Nikaenda kwa Mama Vigae. Alikuwa amepanda ngazi anahesabu maboksi.

“Jirani, niambie historia ya kwenu.”

“Dada, yote?”

“Anzia unapopenda.”

Akacheka hadi akashuka ngazi. “Mimi historia nilifeli. Tulikariri miaka na majina ya wafalme, mtihani ukiisha tunasahau. Nilisomea uhasibu. Ukitaka habari za gundi ya vigae, uliza.”

“Na wale wanafalsafa wenu?”

“Baba yangu aliwataja akitaka kunigombeza. Basi nikawachukia.” Halafu akanitazama sana. “Mbona unauliza? Kuna mtu amesema kitu?”

Nikasema hakuna. Alijua nadanganya. Nikarudi kwangu naona haya: nilimwendea kama mtu anayeenda kuchota maji bombani, sikumwuliza hata kama amekunywa chai.

27 Machi, Alhamisi

Kimepatikana! Mkutubi amekiomba kutoka chuo kikuu, kimekuja na gari la vifurushi. Jalada la kijani, kurasa mia nne, mwandishi ni mwanamke. Ukurasa wa kwanza tu anaandika kwamba mambo anayotaka kuyasimulia yana mapengo, na kila penye pengo atatuambia. Nilitaka kulibusu jalada. Mara ya kwanza naona msomi anasema “hapa hatujui” bila kufa.

“Ni kigumu, mama,” mkutubi akaonya.

“Suruali ya mtu mwenye kitambi nayo ni ngumu. Huwa naishona.”

2 Aprili, Jumatano

Nasoma alfajiri kabla ya kufungua duka, na mchana wateja wakienda kula. Kurasa nne kwa siku, kamusi mapajani. Nimejua sasa: kitabu kinachosema “Wachina wako hivi” nakifunga. Kinachosema fulani, wa mji fulani, mwaka fulani, alifanya hivi na mwenzake akamkatalia, hicho nakifungua.

Na walikataliana kweli! Zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, nchi zao zikipigana kila siku, mwalimu mmoja alizunguka miji na wanafunzi wake akitafuta mtawala wa kumsikiliza. Hakumpata. Alitaka mtu ajirekebishe kwanza yeye, ndipo nyumba, ndipo nchi. Wengine wakaja kumcheka: mnajitesa bure, mnavyozidi kupanga ndivyo mnavyoharibu. Wengine tena wakasema mwanadamu ni wa kubanwa kwa sheria na adhabu, hana dawa nyingine. Niliposoma hao nikamwona Kaka amesimama mbele yangu na rejesta ya wafanyabiashara. Nilicheka peke yangu hadi kinyozi wa chumba cha mbele akachungulia.

5 Aprili, Jumamosi

Mvua siku ya tano mfululizo. Mtaro wa mbele haupokei maji. Yameanza kulamba kizingiti.

9 Aprili, Jumatano

Kaka amekuja na karatasi. Imeandikwa vizuri, kwa mashine. Inasema maji yanajaa mtaani kwa sababu Mama Vigae alipojenga ngazi yake ya zege aliuziba mtaro, na kwamba wafanyabiashara wote wanaiomba manispaa imwondoe. Majina saba yamekwisha kutiwa saini. La kinyozi limo.

“Weka lako hapa,” akasema Kaka.

“Umeufungua mtaro ukaona?”

“Kila mtu anajua.”

“Anajua nani? Aliona lini?”

Akacheka kidogo. “Ndiyo hayo ya vitabu. Nimeambiwa. Mdogo wangu, vitabu vile ni vya watu waliosoma, vitakuchanganya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.”

“Guu likivunjika nitanunua cherehani ya mkono.”

Hapo akaacha kucheka. Akasema, “Hata hao Wachina wako wanafundisha mdogo amtii kaka yake. Au hujafika huko?”

Nilikuwa nimefika. Nilifika juzi, na nilipasoma mara tatu. “Wanafundisha,” nikamwambia. “Na wanafundisha pia kwamba mkubwa akipotea, mdogo anayenyamaza ndiye asiye na adabu. Wamebishana juu ya hilo karne na karne. Mimi leo nimechagua upande.”

Alibadilika rangi. “Nani aliyekulea wewe?”

Swali hilo analo tangu zamani, hulitoa kama mtu anayetoa kitambulisho. Na mimi jibu langu hulimeza. Leo halikumezeka.

“Ulinilea, Kaka, na nashukuru. Lakini wazazi walipokufa, nani aliacha shule ili mwingine amalize? Mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Wewe ulikuwa wa kumi na tisa. Nikapelekwa kwa fundi kushona vifungo, wewe ukaendelea, na sijawahi kukudai. Basi usiniambie kitabu kipi kinanifaa.”

Akaikunja karatasi yake mara nne, akaingia mvuani bila mwavuli.

Bega la sare ya mtoto wa watu nimelishona upande wa ndani nje.

10 Aprili, Alhamisi

Nimefumua, nimeshona upya. Mvua. Hakuna anayenisalimu ila Mama Vigae, na yeye hajui kwa nini wengine hawanisalimu. Au anajua.

11 Aprili, Ijumaa

Nieleze kwa utaratibu.

Asubuhi nilikuwa kwenye sura ya mito. Wanasimulia kwamba zamani sana mto ulifurika nchi nzima. Mtu mmoja akapewa kazi ya kuuzuia, akajenga kuta miaka tisa, kuta zikabomoka. Mwanawe akaachana na kuta, akachimba mikondo ili maji yapite. Mwandishi wangu anasema hatujui kama watu hao waliwahi kuishi. Anachojua ni kwamba kila mtawala aliyefuata alitaka afananishwe na mwana, hakuna aliyetaka kuwa baba. Niliweka uzi kwenye ukurasa, nikafungua mlango.

Saa nne maji yakaingia ndani. Kwanza kwa kinyozi, kisha kwangu, kisha safu nzima. Nilipandisha marobota ya vitambaa mezani, nikapandisha cherehani, kitabu nikakifunga kwenye mfuko wa nailoni nikakining’iniza msumarini. Nikasikia makelele nje.

Walikuwa kama kumi na watano mbele ya duka la Mama Vigae, miguu majini, Kaka mbele. Mmoja alikuwa na nyundo kubwa. Walitaka kuivunja ngazi yake. Mama Vigae amesimama juu ya ngazi hiyo hiyo, mikono ameikunja kifuani, anasema neno moja tu, “Sio hapa. Sio hapa.” Mtu akapiga teke boksi la vigae. Likalia vibaya, na ule mlio ukawapa watu hamu.

Sijui nilipitaje katikati. Nilijikuta nimepanda ngazi, nimesimama kando yake.

“Mkitaka kuvunja, vunjeni,” nikasema. “Lakini kwanza fungueni mtaro. Mkikuta ngazi imeuziba, nyundo nitaishika mimi.”

“Toka hapo!” Kaka akasema.

“Sitoki.”

“Nakwambia toka!”

“Kaka, nimesema sitoki. Mna nguvu za kuvunja, hamna nguvu za kunyanyua mfuniko?”

Hakuna aliyesogea. Basi nikashuka mwenyewe. Chepe niliichukua dukani kwa Kaka, mlangoni ilipokuwa imeegemezwa, sikuomba. Niliingiza ncha chini ya mfuniko wa zege mbele ya ngazi, nikakandamiza. Haukutikisika. Nikakandamiza tena. Mama Vigae akaja akashika mpini pamoja nami, kisha kinyozi, kichwa chini kwa aibu ya ile saini yake. Ukanyanyuka.

Chini ya ngazi nilipitisha chepe huku na huku, haikugonga kitu ila maji. Hapakuwa na kizibo.

Tukafuata mtaro kwenda mbele, mfuniko wa pili, wa tatu. Wa tatu uko kati ya chumba changu na duka la Kaka. Hapo niliingia mwenyewe, maji kiunoni, nikapapasa kwa mikono. Nikavuta. Ikatoka kamba nene ya bluu, ndefu, inateleza kama utumbo. Niliijua kabla haijafika juu. Ni vitambaa vya sare za shule. Ni vipande vyangu, miaka na miaka ya kufagilia nje.

Ningeweza kuviacha vizame tena. Watu wote walikuwa wananitazama mimi.

Nikavinyanyua juu. “Hivi ni vyangu,” nikasema.

Nikavuta tena, yakatoka vipande vya vigae. Mama Vigae akaruka ndani na suruali yake safi, akavikusanya. “Na hivi vyangu.” Likafuata furushi jeusi la nywele, kubwa kama paka, na kinyozi akasema, “Hizo… hizo ni za mtaa mzima, lakini nimezinyoa mimi.” Mtu akacheka. Nyundo ikawekwa chini.

Mwisho nikagusa kitu kigumu. Tulikivuta watu wanne. Mifuko ya saruji, mitatu, imeganda pamoja kama jiwe la kaburi, na chapa ya duka la Kaka inasomeka. Watu wakamgeukia Kaka, kila mmoja akimpa nafasi aseme “ni yangu,” lile neno tulilokiri sote.

Hakulisema. Alijifuta uso, akaenda zake.

Maji yalishuka kwa nusu saa.

12 Aprili, Jumamosi

Homa. Mkutubi ametuma mtu kuuliza kwa nini sijafika.

14 Aprili, Jumatatu

Mkutano wa wafanyabiashara. Ile karatasi haikusomwa. Kinyozi aliomba saini yake ifutwe, wengine wakafuata, na Kaka akaipasua bila kusema kitu. Imepangwa siku ya kusafisha mtaro, kila mwezi, kila duka.

Baadaye Kaka aliningoja nje. “Chumba nakitaka mwisho wa mwezi.”

“Kwa sababu ya Mchina?”

“Kwa sababu umeniaibisha mbele ya watu.”

Angalau hilo ni kweli tupu. Sikumwomba. Nilisema, “Sawa, Kaka,” na nilisimama wima hadi nilipoipita kona.

23 Aprili, Jumatano

Mama Vigae amenipa pembe ya duka lake. Nimekataa. “Watasema umeninunua,” nikamwambia, “na yote niliyosema yatakuwa ya kulipwa.” Akakasirika kweli, akasema kiburi changu kingefaa kuezekea nyumba. Kisha akaniletea chai. Tuliinywa tukiwa tumenuniana.

29 Aprili, Jumanne

Nimehamia nusu ya chumba cha kinyozi. Ametundika pazia. Nywele upande wake, vitambaa upande wangu, na ndoo mbili za taka.

3 Mei, Jumamosi

Rafu ya tatu kutoka chini sasa ina vitabu vitano vinavyosomeka, mkutubi ameviomba kimoja kimoja. Historia mbili, kimoja cha fikra za wale wabishi wa kale, kimoja cha maisha ya vijijini, kimoja cha wanawake. Mkutubi ameniomba niandike kadi ya kila kimoja kwa Kiswahili, mtu ajue ndani mna nini na kinamfaa nani. Tuligombana juu ya cha vijijini. Yeye anakipenda, mimi nasema mwandishi anatoa majibu kabla ya kusikia watu. Tulipaza sauti hadi wasomaji wakatunyamazisha sisi, mkutubi na mimi, ndani ya maktaba yake.

Kwenye kadi niliandika nilivyoona mimi. Hakuibadilisha.

17 Mei, Jumamosi

Mvua zinakonda. Mama Vigae alikuja upande wangu wa pazia na mfuko wa karanga. “Nisomee kidogo,” akasema. “Lakini usiniulize maswali.”

Nilimsomea, natafsiri kwa kusuasua, sura ya wanawake waliofuma hariri usiku na mchana kwa sababu serikali ilidai kodi ya kitambaa. Mimi nilikuwa nimeipenda sana sura hiyo, kwa ajili ya kazi yangu. Yeye alitafuna karanga, kisha akaacha kutafuna.

“Bibi yangu alifuga viwavi vya hariri,” akasema. “Vilipokuwa vinakula majani chumbani, mlio wake ulikuwa kama mvua juu ya paa. Hakujua kusoma. Mto ulipofurika aliokoa trei za viwavi kwanza, ndipo watoto. Mama yangu hakumsamehe hadi alipozeeka.” Akanyooshea kitabu kidole. “Huyo wako ameandika hilo?”

“Hajaliandika.”

“Basi andika wewe.”

Nimeliandika hapa.

31 Mei, Jumamosi

Jua kali, mtaa mkavu. Kaka ana kinyozi mmoja tu tangu ujana wake, na kinyozi huyo sasa anakaa na mimi chumba kimoja. Kaka amejizuia wiki nne. Leo ndevu zimemshinda.

Aliingia, akamsalimu kinyozi, akaketi. Pazia lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Tulionana kwenye kioo.

“Shikamoo, Kaka.”

“Marahaba.”

Kinyozi akampaka povu. Mimi nikaendelea kukanyaga cherehani. Baada ya muda Kaka akasema, akikiambia kioo, “Wanasema unasomesha watu maktaba.”

“Siwasomeshi. Nawaonyesha vitabu vilipo.”

“Vya Wachina.”

“Sasa tumeanza na vya Wahindi.”

Wembe ukaendelea kukwaruza. Nilidhani yameisha. Akamsimamisha kinyozi kwa mkono, uso nusu mweupe, akageuka kunitazama mimi mwenyewe, si kioo.

“Ungemaliza shule wewe,” akasema, “ungetushinda wote.”

Miaka arobaini nimelingoja neno hilo, na nilikuwa na majibu ya kulijibu, mengine makali kuliko wembe ule. Nilikata uzi kwa meno, nikaigeuza suruali niliyokuwa naishona upande wa nje.

“Bado sijamaliza, Kaka.”